Kujifunza Lugha ya Alama Ukiwa Kazini: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya Wanaopokea Watoto Viziwi

Kituo cha afya ninachofanyia kazi kiko Mwanza, na watoto viziwi hutufikia kwa njia mbili. Wapo wanaoletwa na walimu wao kutoka shule yenye kitengo cha wanafunzi viziwi, wakiwa wanne au watano kwa pamoja hasa msimu wa malaria, na wapo wanaovuka maji na mama zao kutoka Ukerewe au upande wa Sengerema, ambao baadhi yao hawajawahi kukanyaga darasa. Kwa miaka kadhaa niliwahudumia wote kwa namna moja: ninapaza sauti, ninaonyesha kidole panapouma, kisha ninamgeukia mtu mzima aliyemleta na kuzungumza naye kana kwamba mtoto ni mzigo alioubeba. Mwongozo huu unaeleza nilivyoiacha namna hiyo. Nimeuandika kwa wauguzi, matabibu na watoa dawa, ingawa mwalimu, fundi cherehani au mhudumu wa kivuko atapata humu sehemu kubwa anayoweza kuitumia.

Hatua ya kwanza: jua ni lugha ipi unayojifunza

Lugha ya alama si moja duniani kote. Viziwi wa Tanzania wanatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa kifupi LAT. Kenya wana yao, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeiweka kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge lao, na Uganda pia wana yao, nayo Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Ziwa ni moja, lakini mwambao wake una lugha tatu za mikono. Ukifungua simu na kutafuta masomo ya lugha ya alama, sehemu kubwa ya utakachokipata ni alama za Marekani. Mimi nilijifunza alama kama ishirini kwa njia hiyo, nikaja nazo kifua mbele kwa mvulana wa darasa la nne. Alinitazama, akamgeukia mwenzake, wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Hata ndani ya nchi utakutana na tofauti. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, kisha zikafuata nyingine kama Buguruni jijini Dar es Salaam na Mwanga mkoani Kilimanjaro, na kwa kuwa shule hizi zilianzishwa nyakati tofauti na walezi tofauti, watoto wake walikua na baadhi ya alama zisizofanana. Kwa hiyo ukiona watoto wawili wanataja kitu kimoja kwa alama mbili, usimsahihishe yeyote, bali ziandike zote mbili kwenye daftari lako.

Jambo moja la istilahi kabla hatujaendelea. Neno "kiziwi" ni neno ambalo wenyewe wanalikubali na ndilo lililo katika jina la chama chao. Neno "bubu" ni tusi, na bado nalisikia mapokezi.

Hatua ya pili: tafuta mwalimu aliye kiziwi

Video, vitabu na mabango yenye picha za mikono husaidia kukumbuka, lakini havifundishi, kwa sababu picha haionyeshi mwendo na video haikuambii kwamba umekosea. Mwalimu anayefaa ni mtu mzima kiziwi anayeitumia LAT kila siku. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina matawi mikoani, na huko unaweza kuelekezwa kwa mtu. Unaweza pia kumuuliza ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri, mwalimu wa kitengo cha viziwi katika shule ya msingi, au kanisa lenye ibada inayokalimaniwa. Mwezi Septemba una nafasi yake, kwa kuwa tarehe 23 ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, inayoadhimishwa tangu mwaka 2018, na viziwi hukusanyika hadharani zaidi kuliko miezi mingine.

Mlipe. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona wasomi wazima wakimwita kijana kiziwi awafundishe Jumamosi tatu mfululizo, kisha wanamshukuru kwa soda. Mwalimu wa Kiingereza tunamlipa bila kujiuliza, na huyu naye anafundisha lugha. Ukimwomba mganga mfawidhi fedha ya mafunzo, mkumbushe kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, kwamba mkataba huo unazitambua lugha za alama kuwa lugha sawa na zile zinazosemwa, na kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010. Kwetu ombi la kwanza lilikataliwa na la pili likakubaliwa, baada ya kulipunguza hadi watumishi wanne na saa moja na nusu kwa wiki.

Hatua ya tatu: anza na macho na uso, mikono itafuata

Hapa ndipo wengi wetu tunapofeli, nami nitakaa kidogo.

Mtoto kiziwi haoni alama yako kama hakuoni wewe. Kabla ya kusema lolote hakikisha mmetazamana. Mpungie mkono pale anapoweza kuuona, au mguse bega kwa upole. Usimshike kidevu kumgeuza uso, na usimjie kwa nyuma ukamshika ghafla, hasa ukiwa na sindano mkononi. Usikae ukiwa umeupa mgongo dirisha lenye jua, kwa kuwa atakachokiona ni kivuli tu. Umeme ukikatika usiku, tochi iangazie uso na mikono ya anayeongea wala isimulike macho ya mtoto. Na ukihitaji kuandika kwenye kadi, andika kwanza, weka kalamu chini, ndipo uongee: sisi tumezoea kuuliza huku tunaandika, na kwa mtoto huyu kila mara unapoinamisha kichwa mazungumzo yamekatika.

Uso nao ni sehemu ya sarufi. Katika lugha nyingi za alama nyusi zilizopandishwa hugeuza kauli kuwa swali la ndiyo au hapana, na nyusi zilizokunjwa huambatana na maswali ya nani, wapi na lini. Maumivu madogo na maumivu makali yanaweza kuwa na mikono ileile, tofauti ikiwa kwenye mashavu, macho na kasi. Muuguzi aliyefundishwa kuficha hisia mbele ya mgonjwa atapata tabu hapa. Mwalimu wangu alinikalisha mbele ya kioo kidogo cha mezani, akanitaka niseme "inauma" kwa uso peke yake, mikono ikiwa imekaliwa. Niliona haya, lakini nilipoacha kuona haya ndipo watoto walipoanza kunijibu. Barakoa, kwa sababu hiyo, ishushwe pale ambapo kanuni za kujikinga na maambukizi zinaruhusu.

Usitegemee midomo. Simama mbele ya kioo useme bila sauti "papa", "baba" na "mama", kisha ujiulize ungezitofautishaje kama hukuwahi kuzisikia. Herufi p, b na m hutamkwa kwa kufunga midomo kwa namna moja, na Kiswahili kimejaa maneno ya aina hiyo. Kuandika kwenye karatasi nako kuna kikomo, kwa kuwa mtoto kiziwi hujifunza kusoma lugha asiyoisikia, na kitenzi chetu kimoja kama "nitakupatia" kinabeba mtenda, wakati, mtendewa na tendo kwa mkupuo. Mwandikie maneno mafupi, moja moja, na uyaambatanishe na alama.

Hatua ya nne: herufi za vidole

Herufi za LAT huundwa kwa mkono mmoja. Jifunze zote kwa wiki mbili, ukianza na jina lako na majina ya dawa zako, na ujizoeze ukiwa kwenye daladala kwa kusoma vibao vya maduka kimyakimya kwa vidole, Buzuruga hadi Igoma. Tumia mkono unaouandikia, uuweke karibu na bega, usiurushe kila herufi mbele kama unayerusha mawe. Herufi za vidole ni za majina na maneno yasiyo na alama; mtoto mdogo asiyejua kusoma hazimsaidii chochote. Ukishazoeleka, viziwi watakupa jina la alama, mara nyingi kutokana na kitu wanachokiona kwako. Usijichagulie. Langu limetokana na kovu la juu ya jicho, na nimelikubali.

Hatua ya tano: tengeneza orodha ya meza yako

Kozi nyingi huanza na rangi, wanyama na siku za wiki. Hayo ni mema, ila mtoto mwenye homa hatakuuliza habari za twiga. Chukua daftari, kwa siku tano andika kila neno unalolitumia zaidi ya mara tatu unapomhudumia mtoto, kisha mpelekee mwalimu wako orodha hiyo. Ya kwangu ilikuwa na maneno tisini na machache: uma, wapi, lini, jana, leo, homa, tapika, harisha, kikohozi, sikio, meno, sindano, kidonge, meza, maji, kula, subiri, maliza, ogopa, pole, vizuri, mama, mwalimu, nyumbani. Kwa kuwa tuko ziwani niliongeza ziwa, oga, mkojo na damu, kwa ajili ya kichocho. Huwezi kumhoji mtoto wa mwaloni, yaani wa ufukweni wanakotua wavuvi, bila maneno hayo manne. Alama kumi kwa wiki zinatosha. Ukijaribu thelathini utajikuta Jumatatu umebaki na tano.

Kwenye daftari usichore mkono tu. Andika umbo la kiganja, mahali unapoanzia mwilini, mwendo wake, upande kiganja kinakotazama na uso unaoambatana nao, kwa maana ukibadilisha kimoja kati ya hivyo unaweza kuwa umesema neno jingine kabisa. Na jifunze alama ndani ya sentensi. LAT si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina mpangilio wake, ambapo mara nyingi wakati hutangulia na neno la kuulizia huja mwishoni. "Ulianza kuumwa lini?" inakaribia kuwa WEWE UMWA ANZA LINI, na neno la mwisho linasubiri jibu likiwa na nyusi zilizokunjwa.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi. Mseto, yaani dawa ya ALU ya malaria, humezwa mara sita kwa siku tatu, na dozi ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni. Watoto wanaosikia tunawaambia, na mama zao wanatuitikia. Kwa msichana mmoja wa miaka kumi na moja nilichora saa ya mishale, nikijiona mjanja: dozi ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili saa kumi jioni. Aliitazama, akatazama saa ya ukutani, akanitazama. Kwenye saa niliyoichora mshale ulikuwa kwenye 8, na mimi nilikuwa nimeandika 2 kando yake. Sisi tunaosikia tumezoea kusoma 8 na kutamka "saa mbili" bila kufikiri, lakini yeye hakuna aliyemtamkia. Tangu siku hiyo ninachora jua: likiwa linatoka juu ya mlima, likiwa limeinamia ziwani, kisha jua na mwezi kwa siku mbili zinazofuata, na chini ya kila mchoro ninabandika idadi ya vidonge kwa vidoti. Ninaonyesha alama ya kula kabla ya alama ya kumeza, kwa kuwa mseto hufanya kazi vizuri ukimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa. Halafu ninampa kalamu achore yeye.

Hatua ya sita: usiamini kutikisa kichwa

Msichana huyohuyo, kabla ya mambo ya saa, alikuwa ameniitikia kila swali. Umetapika? Akatikisa kichwa kukubali. Umeharisha? Akakubali. Unaumwa mguu? Akakubali pia, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ananikubalia mimi, wala hakuwa anajibu. Mtoto kiziwi aliyelelewa kati ya watu wanaosikia hujifunza mapema kwamba kutikisa kichwa huwafanya wakubwa waondoke na kuridhika. Nilikuwa nimeshaandika kwenye kadi kuhara na kutapika ambako hakukuwapo, nikalazimika kufuta.

Kwa hiyo acha maswali ya ndiyo na hapana yawe machache, na uliza yale yanayodai jambo: uma wapi, tapika mara ngapi, kula nini. Umalize kwa kumtaka akurudishie maelezo yako kwa alama zake, au akuonyeshe kwa vidonge halisi juu ya meza. Asiporudisha sawasawa, kosa liko kwako. Badilisha alama, usirudie ileile kwa mikono mikubwa zaidi. Kukuza alama ni sawa na kupaza sauti.

Hatua ya saba: angalia kazi yako inamfunika nini

Kanula, yaani kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, ikiwekwa kwenye mkono wa kulia wa mtoto anayetumia mkono wa kulia, kisha ikafungwa plasta mpaka kwenye vidole na kuwekewa kipande cha boksi, mtoto huyo amezibwa mdomo. Nilifanya hivyo kwa mvulana aliyelazwa kwa homa kali, na kwa siku mbili wodi nzima ilimsifu kwa utulivu. Mwalimu wake alipokuja kumtazama alisimama mlangoni, akauangalia ule mkono, hakusema neno. Uliza kwanza mkono upi anautumia zaidi, uweke kanula upande wa pili kama mishipa inaruhusu, na uviache vidole wazi.

Foleni nayo ni ya masikio. Tunaita majina kwa sauti kutoka mlangoni, asiyeitika tunamruka, na mchana anagundulika amekaa benchi lilelile tangu saa moja. Dawa yake ni kipande cha kadi ngumu chenye namba kubwa kinachoinuliwa, au mtu kumfuata alipo.

Na kwa watoa dawa: baadhi ya dawa, zikiwemo gentamaisini na kwinini, zinaweza kuathiri usikivu. Mtoto kuwa kiziwi si sababu ya kulipuuza hilo, kwa kuwa wengi wana mabaki ya usikivu wanayoyatumia kusikia pikipiki barabarani.

Mtoto asiye na LAT

Watoto walio wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na yule aliyekulia kisiwani bila shule huja na alama za nyumbani alizozitunga yeye na mama yake. Hizo nazo usizidharau. Mama mmoja alinionyesha kwamba kwao "baba" ni kuvuta nyavu kwa mikono miwili, na "umeshiba" ni kupapasa tumbo kuelekea chini. Muombe mama akuonyeshe alama zao kumi kabla hujaanza uchunguzi, zitumie, tumia na vitu halisi, picha na kuigiza: jichome sindano ya bandia kwanza, mchome mama, ndipo ufike kwake. Kisha zungumza na mama kuhusu shule, kwa utaratibu, bila kumkaripia, na umwandikie barua ya kwenda kwa ofisa wa elimu maalumu.

Mahali ambapo alama zako zinakoma

Ukiwa na maneno tisini unaweza kutibu malaria na kushona jeraha. Huwezi kupata ridhaa ya upasuaji, huwezi kueleza majibu ya kipimo kizito, na huwezi kabisa kumhoji mtoto unayeshuku amedhulumiwa. Hapo anahitajika mkalimani wa lugha ya alama aliyefunzwa. Usimtumie kaka yake mdogo, na usimtumie mtu aliyekuja naye iwapo huenda ndiye anayehusika. Mpigie ofisa ustawi wa jamii; Simu ya Mtoto, namba 116, ipo pia, na kwa kuwa ni simu ya sauti, wewe ndiye utakayepiga kwa niaba yake.

Hatua ya mwisho: iandike, uikabidhi kwa zamu inayofuata

Juu ya faili la mtoto, mahali ambapo mtu ataona kabla ya kufungua, andika mstari mmoja: "Kiziwi. Anatumia LAT. Mkono wa kulia." Kama anatumia alama za nyumbani, andika hivyo na uongeze zile ulizojifunza kwa maneno machache. Kama ana vifaa vya usikivu, andika vinahifadhiwa wapi wakati wa kulala. Wakati wa makabidhiano usiishie kusoma mstari huo kwenye daftari la ripoti. Nenda na mwenzako wa usiku hadi kitandani, mguse mtoto bega, mtambulishe kwa jina lake la alama kama analo, kisha umwonyeshe mwenzako alama tatu za kuanzia: maji, uma, chooni.